Saa ya mazoezi ya Tanga si saa ya mazoezi ya Mbeya

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa kike wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 47. Nilihamia Mbeya mwezi wa pili nikitokea Tanga. Naishi Ilomba na nafundisha upande wa Uyole. Nina presha, natumia amlodipini, na nina kisukari cha aina ya pili ambacho natumia metfomini, vyote kwa mwaka wa tatu sasa. Tanga nilizoea kutoka baada ya swala ya alfajiri, nikitembea na kukimbia kidogo hadi Raskazone, na sukari yangu ilikuwa nzuri. Hapa nimeendelea na utaratibu ule ule, lakini tangu Juni iingie nimeshindwa. Ni giza, baridi inauma, kifua kinabana nikipanda mlima, na nikipima sukari baada ya kurudi naikuta juu kuliko nilivyoamka nayo. Nimefikiria kuhamia jioni, lakini walimu wenzangu wananiambia mazoezi ya jioni hayayeyushi mafuta na yanaharibu usingizi. Je, ni saa ipi hasa iliyo bora kwa mazoezi?"

Marahaba, Mwalimu, na pole kwa baridi. Umeuliza habari ya saa, lakini katikati ya swali lako umepitisha jambo moja ambalo siwezi kuliruka, nalo ni kifua kubana unapopanda mlima. Mtu wa miaka 47 mwenye presha na kisukari akiniambia hivyo, mimi sianzi kufikiria pumu wala hewa nyepesi ya Mbeya. Naanza na moyo. Baridi huifanya mishipa ya damu isinyae, presha hupanda, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi kuliko siku zote. Ukiongeza mlima juu yake, moyo unadai damu nyingi, na kama mishipa inayoulisha moyo wenyewe imeanza kuwa myembamba, damu hiyo haipatikani. Hapo kifua hubana, nawe ukisimama kidogo kinaachia. Kwa wanawake wenye kisukari dalili hii mara nyingi haiji kwa maumivu makali ambayo watu huyategemea. Huja kama uzito kifuani, kuishiwa pumzi, uchovu usio na sababu, au kubanwa taya na bega.

Inawezekana pia ikawa ni pumu, kwa sababu hewa baridi na kavu huikera njia ya hewa ikasinyaa. Pumu ya mazoezi ina tabia ya kuzidi dakika chache baada ya kusimama, ikifuatana na kikohozi au mluzi kifuani, ilhali kubana kwa moyo kwa kawaida hutulia ukipumzika. Hata hivyo nisingependa ujipime mwenyewe kwa maelezo haya. Nenda hospitali upimwe umeme wa moyo, kipimo kinachoitwa ECG, na umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi: kifua kinabana wakati gani, kwa muda gani, na kinaachia baada ya nini. Kipimo kinachofanywa ukiwa umelala kinaweza kutoka safi hata kama tatizo lipo, kwa hiyo usirudi nyumbani umeridhika kwamba karatasi ni nzuri kabla hujaulizwa habari ya mlima. Wapo watu ambao hulazimika kupimwa wakiwa wanatembea kwenye mashine. Hadi utakapopata majibu, tembea tambarare tu, taratibu, na usimame mara kifua kinapoanza kubana. Kikibana ukiwa umepumzika, au kikakaa zaidi ya dakika 15, au ukapata jasho la baridi au kichefuchefu, hiyo ni dharura ya usiku huo huo, usingojee kupambazuke.

Sasa tuje kwenye saa. Kwa hali yako, kwa mji huu na kwa msimu huu, ningekushauri utembee alasiri, kati ya saa 10:30 na saa 12:00, na uongeze matembezi ya dakika 10 baada ya milo, hasa chakula cha usiku. Mvua zikishika Novemba tutabadilisha. Ushauri huu unapingana na mazoea ya watu wengi, kwa hiyo nina wajibu wa kuueleza.

Imani kwamba mazoezi ya kweli ni ya alfajiri tumeipata kutoka sehemu mbili. Ya kwanza ni malezi. Wewe mwalimu unaijua kuliko mimi: watoto wanakimbia mchakamchaka asubuhi wakiimba, kabla ya kuingia darasani, na waliopita Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, wanakumbuka kuamshwa gizani. Tumekua tukiamini kwamba mwili usiotoka jasho kabla ya jua kuchomoza ni mwili mvivu. Sehemu ya pili ni pwani. Kule Tanga alfajiri ndiyo saa ya busara, kwa sababu ifikapo saa 3 asubuhi joto na unyevu wa bahari vimeshamlemea mtu, na hata jioni hewa bado ni nzito. Aliyeshauri alfajiri kwa watu wa pwani alishauri vizuri kabisa. Kosa ni kuubeba ushauri huo kwenye mabegi na kupanda nao hadi mita 1,700 juu ya usawa wa bahari.

Angalia jua lenyewe. Mbeya iko mbali sana magharibi mwa Tanga, lakini saa za ukutani ni zile zile za nchi nzima. Matokeo yake, mwishoni mwa Juni jua la Tanga huchomoza karibu saa 12:30 asubuhi, na la hapa huchomoza karibu saa 1:00 kamili. Ukitoka nje saa 11:30 kama ulivyozoea, unatembea katika saa nzima na nusu ya mwisho wa usiku, ambayo ndiyo yenye baridi kuliko zote. Katika kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, joto la Mbeya saa hizo hushuka chini ya nyuzi 10 bila shida. Wasomaji wangu wa Njombe na Makete wanapata baridi kali zaidi, hadi umande kuganda kwenye nyasi. Kinyume chake, ukishuka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, uko chini ya mita 500 na joto ni lile la kwenu. Huko kanuni ya alfajiri inarudi kuwa sahihi. Mkoa ni mmoja, na kutoka Uyole ni mwendo wa saa chache kwa gari, lakini saa nzuri ya kufanya mazoezi ni tofauti.

Mbali na hali ya hewa, mwili wenyewe una saa yake. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kueleza jinsi chembe hai zinavyohesabu mzunguko wa siku, na tangu hapo watu wengi wamependa kusema kwamba sayansi imepata saa moja ya mazoezi kwa wote. Haijapata. Ilichoonyesha ni kwamba viungo vyetu havifanyi kazi kwa namna moja saa zote 24. Joto la mwili huwa chini kabisa karibu na saa 10 au 11 alfajiri, likapanda polepole hadi kilele chake jioni. Unaweza kuliona mwenyewe: weka kipimajoto kwapani unapoamka kabla hujanyanyuka, kisha ukiweke tena saa 11 jioni ukiwa umetulia, na utakuta tofauti ya nusu nyuzi au zaidi. Nusu nyuzi ni kidogo kwa kuitazama, lakini misuli yenye joto hukunjuka kirahisi, viungo havikazi, na nguvu za mtu hupimika zikiwa juu kidogo jioni kuliko asubuhi. Ndiyo maana raba ile ile na njia ile ile vinakuwa vyepesi saa 11 jioni, lakini alfajiri ya Julai unahisi umevaa miguu ya mtu mwingine.

Presha nayo hushuka tunapolala, kwa kawaida kwa asilimia 10 hadi 20, kisha hupanda kwa kasi tunapoamka. Tangu miaka ya 1980 madaktari wamejua kwamba mshtuko wa moyo hutokea zaidi kati ya saa 12 asubuhi na saa 6 mchana kuliko nyakati nyingine za siku. Hii haina maana kwamba mazoezi ya asubuhi yanaua, na ningesikitika kama kuna msomaji atakayeacha kutembea asubuhi kwa sababu yangu. Wagonjwa wa moyo wanaofanya mazoezi chini ya uangalizi asubuhi hawajaonekana kupata madhara zaidi ya wenzao wa alasiri. Ila kwa mtu ambaye kifua kinambana na bado hajapimwa, kukusanya kupanda kwa presha ya asubuhi, baridi na mlima katika nusu saa moja ni kuutwisha moyo mizigo mitatu kwa mkupuo.

Kuhusu sukari kuwa juu baada ya kurudi, usijilaumu na usidhani kipimo chako kimeharibika. Kila alfajiri mwili hutoa homoni za kutuamsha, ikiwemo kotisoli, na homoni hizo huliamuru ini limwage sukari kwenye damu ili tupate nguvu ya kuanza siku. Asiye na kisukari hutoa insulini ya kutosha kuipokea; mwenye kisukari hubaki nayo ikielea. Ukitoka wakati huo na kupanda mlima kwa kasi, mwili huongeza adrenalini, na ini humwaga tena. Mwaka 2019 watafiti wa Uswidi walichapisha utafiti mdogo wa wanaume 11 wenye kisukari cha aina ya pili. Kila mmoja alifanya mazoezi makali ya vipindi vifupi kwa wiki mbili asubuhi, na wiki nyingine mbili alasiri. Mazoezi ya alasiri yaliteremsha sukari yao, na yale yale yalipofanywa asubuhi yaliipandisha. Watu 11 ni wachache, na wote walikuwa wanaume, lakini walichokipata kinafanana sana na unachokiona kwenye kipimo chako. Huko Tanga ulikuwa unatembea na kukimbia kidogo, tambarare, kwenye joto. Hapa umekuwa ukifanya kazi ngumu bila kujua.

Nisikufiche kwamba ushahidi hauendi upande mmoja. Huko Brazil, wanaume wenye presha wanaotumia dawa walifanya mazoezi ya baiskeli kwa wiki 10, na presha ikashuka kwa kundi la jioni, si kwa lile la asubuhi. Lakini mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliwafuatilia wanawake wenye afya njema kwa wiki 12, wakaona wale wa asubuhi ndio waliopunguza zaidi mafuta ya tumboni na presha, huku wale wa jioni wakiongeza zaidi nguvu za misuli. Wewe ni mwanamke, kwa hiyo mwenzako akikuletea utafiti huo asikushangaze; ni wa kweli. Wanawake wale hawakuwa na kisukari wala kifua kinachobana, na tofauti baina ya saa na saa zilikuwa ndogo zikilinganishwa na tofauti baina ya anayefanya mazoezi na asiyefanya. Huo ndio uzito ninaoupa mjadala mzima wa saa: una maana kwa mtu mwenye hali kama yako, lakini usiufanye mkubwa kuliko mazoezi yenyewe.

Walimu wenzako wanasema jioni mafuta hayayeyuki. Kiini cha maneno hayo kina ukweli kidogo: mtu akitembea asubuhi kabla ya kula, mwili huchoma mafuta kwa kiasi kikubwa zaidi katika saa ile. Lakini mwili hausomi hesabu za saa moja. Ukichoma mafuta zaidi asubuhi, utachoma kidogo zaidi baadaye, na kinyume chake. Wanawake 20 vijana waliwahi kugawanywa, nusu wakifanya mazoezi kabla ya kula na nusu baada ya kula, wote wakila chakula cha kiwango kilichopangwa, na baada ya wiki nne kupungua kwao kulikuwa sawa. Kinachoamua uzito ni jumla ya unachokula na unachotumia wiki baada ya wiki.

Na usingizi? Mazoezi ya jioni hayauharibu kwa watu wengi, na wengine hulala vizuri zaidi. Yanayosumbua ni yale makali yanayomalizika chini ya saa moja kabla ya kulala. Ukimaliza saa 12 jioni na kulala saa 4 usiku, una saa nne za kutulia.

Sasa nizungumzie kitu ambacho nakithamini kuliko mabishano yote ya asubuhi na jioni, kwa sababu kwa mwenye kisukari ndicho chenye faida ya karibu zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa New Zealand walichapisha matokeo ya watu wazima 41 wenye kisukari cha aina ya pili. Kwa kipindi fulani waliambiwa watembee dakika 30 kwa siku, saa yoyote waipendayo; kwa kipindi kingine wakaambiwa watembee dakika 10 baada ya kila mlo mkubwa. Jumla ya dakika ni ile ile. Sukari ya baada ya kula ilikuwa chini kwa wastani wa asilimia 12 walipotembea baada ya milo, na baada ya chakula cha usiku peke yake ilikuwa chini kwa asilimia 22. Sababu yake inaeleweka. Misuli inayofanya kazi hufungua milango yake na kuichukua sukari hata kama insulini ni dhaifu, kwa hiyo ukitembea wakati sukari ya chakula inaingia kwenye damu, unaipokea ikiwa mlangoni.

Hebu tuutazame usiku wako. Siuoni, lakini nimeongea na walimu wengi kliniki, na mara nyingi usiku wao unafanana. Saa 2 usiku kuna ugali na maharage, au wali wa Kyela kama kuna wageni, au ndizi, au viazi. Vyote hivyo ni vyakula vizuri na vyote ni wanga. Ukishanawa mikono unavuta kiti mezani, unafungua rundo la madaftari 60 ya kusahihisha, unajifunga kitenge mabegani kwa ajili ya baridi, na hunyanyuki hadi saa 3 na nusu, unapokwenda moja kwa moja kitandani. Sukari ya mlo mkubwa kuliko yote ya siku inapanda wakati misuli yote imelala isipokuwa ile ya vidole vya mkono wa kulia. Ukipima asubuhi na kuikuta iko juu, sehemu ya maelezo imo kwenye kiti kile.

Sikuambii utoke nje saa 2 usiku Ilomba wakati wa kipupwe. Tembea ndani. Kutoka sebuleni hadi jikoni, ukumbini, kwenye kibaraza kama kimezungushiwa ukuta, dakika 10 kwa saa ya ukutani, taratibu kwanza, na majibu ya moyo yakitoka salama, kwa mwendo wa mtu anayewahi kengele. Osha vyombo umesimama, panga sare za kesho, kisha rudi kutembea. Wanao watacheka siku ya kwanza na siku ya tatu watakufuata. Baada ya hapo kaa usahihishe madaftari yako, na kila unapomaliza daftari 20, nyanyuka dakika mbili. Mchana shuleni, badala ya kukaa ofisini baada ya chakula, zunguka uwanja mara moja au mbili.

Kwa hiyo alasiri yako ningeipanga hivi. Ukitoka shuleni, usipande daladala hadi mlangoni kwako. Shuka vituo viwili kabla, ingia kwenye mitaa ya ndani, na utembee nusu saa hadi nyumbani. Nasisitiza mitaa ya ndani, kwa sababu barabara kuu ya Zambia inabeba malori usiku na mchana, na moshi wake si kitu cha kuuvuta kwa pumzi ndefu. Kuna moshi mwingine pia, wa majiko ya mkaa na kuni: mji huu umekaa bondeni chini ya mlima Loleza, na usiku wa baridi hewa nzito hutulia chini na moshi wake hadi jua lipate nguvu. Ukimaliza kutembea kabla ya saa 12:00 jioni unakuwa umeuwahi moshi wa kupikia chakula cha usiku, na bado kuna mwanga, maana jua la Juni hapa huzama baada ya saa 12:30. Mwanamke anayetembea peke yake ana haki ya kuuhesabu mwanga kuwa sehemu ya dawa. Mbwa nao huachiwa usiku, na hufungwa kumekucha.

Majibu ya moyo yakitoka salama, mwendo uwe ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Dakika 30 kwa siku tano zinakupa 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani lilikirudia katika mwongozo wake wa mwaka 2020. Mwongozo huo unataka pia siku mbili za mazoezi ya nguvu: kukaa na kunyanyuka kwenye kiti mara 10 hadi 12, kusukuma ukuta kwa mikono, kunyanyua ndoo ya maji iliyojaa nusu. Yafanye alasiri hiyo hiyo, wakati misuli ina joto, na usizuie pumzi unaponyanyua, kwani kuzuia pumzi hupandisha presha ghafla.

Hapa niongeze neno la mgongo, ingawa hukuliuliza, kwa sababu naliona sana kwa watu wa alfajiri. Gegedu zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hunyonya maji usiku tunapolala, na asubuhi huwa zimevimba na kukaza. Ndiyo maana mtu ni mrefu kidogo anapoamka kuliko anapokwenda kulala. Katika saa ya kwanza, kuinama sana kunazibana vibaya. Nilimtibu mzee mmoja, fundi wa matofali, aliyekuwa akigusa vidole vya miguu mara 50 kila akiamka, kama alivyofundishwa ujanani, kisha akashangaa kwa nini mgongo hauponi. Hatukumpa dawa mpya. Tulimwomba tu ahamishe kuinama kwake hadi alasiri, na nyumbani wakamtafutia fagio la mpini mrefu, maana baada ya kugusa vidole alikuwa akifagia uwanja kwa ufagio wa chelewa, amejikunja kama ndoano. Kama nawe unafagia uwanja ukiamka, anza kwa kuchemsha chai na kutembeatembea kwanza.

Nimesema mvua zikishika tutabadilisha. Nyanda za juu kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, Novemba hadi Aprili, na mara nyingi asubuhi huwa shwari na mvua hushuka mchana au jioni. Novemba na Desemba jua linachomoza mapema zaidi, karibu saa 12:15 hadi 12:30, na asubuhi haina ule ukali wa Julai. Basi Desemba, kama moyo wako umeshapimwa na uko salama, tembea saa 12:30 hadi saa 1:00 asubuhi, ukiwa umekunywa maji na kula kitu kidogo, tambarare, bila kukimbilia mlima. Na shule zikiwa zimefungwa utakuwa na nafasi. Septemba na Oktoba ni miezi ya vumbi na jua kali. Watu hudanganywa na upepo wa baridi wakasahau kwamba kadiri unavyopanda mlima ndivyo mionzi ya jua inavyoongezeka, kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000. Miezi hiyo ukwepe saa za katikati ya mchana na uvae kofia. Ikitokea lazima utoke asubuhi ya baridi, jipashe moto ndani ya nyumba kwa dakika 10, funika mdomo na pua kwa skafu ili hewa iingie ikiwa na uvuguvugu, na uanze polepole.

Dawa zako usizihamishe kwa sababu ya mazoezi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2022, wa watu zaidi ya 21,000, haukuona tofauti kati ya kumeza dawa za presha asubuhi na kuzimeza usiku. Meza saa ambayo hutasahau. Metfomini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, kwa hiyo huna sababu ya kuogopa kutembea. Msomaji mwingine anayetumia dawa ya kisukari ya glibenklamaidi au insulini hana uhuru huo: apime kabla, na akikuta sukari chini ya 5 mmol/L ale kitu kwanza, tena atembee na sukari au pipi mfukoni. Kwa nyote, presha ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo si ya mazoezi, ni ya kwenda kuonwa.

Kwa kuwa umetaja swala, nadhani unafunga pia. Ramadhani ikifika, hamisha matembezi yako yawe baada ya futari, na kwa sehemu kubwa yaingize kwenye zile dakika 10 za baada ya mlo. Kutembea kwenda na kurudi tarawehe ni mazoezi tayari. Uonane na daktari wako kabla mwezi haujaandama, muipange metfomini kati ya futari na daku.

Kama walimu wenzako watakushawishi mkimbie Mbeya Tulia Marathon, ujue kwamba mbio huanza asubuhi na mwili huzoea saa unayoufundishia. Wiki mbili au tatu za mwisho ungehamishia mazoezi asubuhi. Lakini usijiandikishe kabla ya ECG.

Nunua daftari dogo. Kwa wiki mbili za kwanza andika kila siku mistari mitatu: sukari ulipoamka, sukari saa mbili baada ya chakula cha usiku, na presha jioni ukiwa umekaa dakika 5 bila kuongea. Pembeni andika ulitembea saa ngapi na kama kifua kilibana. Vipande vya kupimia sukari vina bei, kwa hiyo kama havitoshi kwa siku zote, pima Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na usiache kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu pale kliniki, kwani hicho ndicho kitakachotuambia kama tumepatia. Daftari hilo pamoja na karatasi ya ECG nenda navyo kwa daktari wako, na ukipenda niandikie tena namba zenyewe, hata zile zitakazokukatisha tamaa.